Shingo Iliyochelewa Kuuma

Nawaandikia wale waliogongwa na gari, wakasimama, wakajipangusa vumbi, wakasema hawajambo, kisha miezi ikapita na mwili ukaanza kulalamika polepole. Kama wewe ni mmoja wao, na kuna afisa mahali fulani anayekuambia kwamba umechelewa kuumwa, keti karibu nami. Nilichelewa kuumwa kuliko watu wote ninaowajua, tena nilikuwa nimeweka sahihi kwamba siumwi, na bado nilishinda. Nalisema hili mapema ili usome bila wasiwasi. Wakati ule mimi sikuwa na wa kunituliza.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari, jua kali, mashamba yakiwa yamekwisha kulimwa na watu wakisubiri mvua. Nilikuwa natoka Khwisero peke yangu katika kigari changu ambacho wanafunzi wangu hukiita kibiriti. Mbele ya tuta nikasimama ili ng'ombe wa mtu wapite. Pikapu iliyokuwa nyuma yangu haikusimama.

Nakumbuka kishindo, kisha ukimya, kisha kuku. Pikapu ilikuwa imebeba vizimba vya kuku na kimoja kilipasuka. Nilipotoka nje kulikuwa na manyoya hewani na dereva mmoja mwembamba, Mukhwana, akitetemeka kuliko mimi. Tulisalimiana kwanza, mulembe, mulembe, tukaulizana habari za nyumbani, kama inavyotakiwa kwetu hata bampa ikiwa chini. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu kwamba niko sawa kabisa. Sijui ningejibu nini kingine. Babu yangu aliulizwa hali yake saa moja kabla ya kufa, akasema hajambo.

Mukhwana alikuwa ameajiriwa, na pikapu ilikuwa ya tajiri wake. Aliniomba jambo dogo: nimwandikie mstari mmoja wa kumwonyesha tajiri kwamba tumeelewana, asije akafutwa kazi. Mtu mwenye busara angeandika mstari mmoja. Mimi ni mtu niliyesomea chuo kikuu, nafundisha mawasiliano, na kila mwezi gazeti fulani hunichapishia insha. Niliegemea boneti yenye moto nikamwandikia ukurasa mzima. Niliandika kwamba mimi, mwenye akili timamu na viungo kamili, sina maumivu yoyote wala sitarajii kuwa nayo. Kwamba sitamdai Mukhwana wala mwajiri wake chochote, leo, kesho wala siku nyingine yoyote. Niliisoma mara mbili nikabadilisha neno moja ili sentensi itiririke. Watu waliokusanyika walinisifu. Mukhwana akanipa kuku wawili, nikawapokea, kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Jumapili tulikula ingokho na mke wangu Rispa, na nikamsimulia ajali nzima huku nikijichekea.

Mvua ilipokuja na watu wakaanza kupanda, shingo ilikuwa imekaza kama ya mtu aliyelala vibaya. Nilijiambia nimelala vibaya. Nililala vibaya kwa miezi miwili mfululizo. Mwezi wa nne vidole viwili vya mkono wa kulia vilikufa ganzi na nikaanza kumwomba Rispa anifunge vifungo vya shati. Wakati wa palizi kikombe cha chai kiliniponyoka darasani, na wanafunzi, ambao hucheka kila kitu, hawakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikwenda kliniki moja, kisha hospitali, kisha nikatumwa Eldoret kupigwa picha ndani ya lile pipa linalogonga kama mafundi wa mabati. Sitaeleza kilichoonekana. Kwanza sikielewi vizuri, na pili ukikielewa hakitakusaidia kulala. Daktari aliniuliza kama nimewahi kugongwa. Nikamwambia ndiyo, lakini kidogo. Akaandika, kisha akaniambia mkono hautasubiri sana: nifanyiwe upasuaji wa shingo kabla ya mwisho wa Agosti, la sivyo mkono utabaki wa kuninginia tu.

Rispa ni fundi cherehani. Kwa miaka tisa alikuwa akishona kwenye veranda yetu, mvua ikimfukuza ndani na jua likimtoa nje, na kila mwezi aliweka akiba kwenye sacco ili siku moja afungue duka lake mjini, lenye mlango na jina juu ya mlango. Chumba alikuwa amekwisha kukichagua, karibu na soko. Bima yangu ya afya ililipa sehemu. Iliyobaki ilitoka katika duka la Rispa. Hakunihutubia. Alikwenda sacco asubuhi, akarudi na bahasha, akaiweka mezani, akaendelea kuchambua maharagwe.

"Hii tutarudishiwa na bima ya ile pikapu," nikamwambia.

"Kama ile barua yako itaruhusu," akasema.

Sikuwa nimeifikiria barua tangu nilipoiandika.

Nilipasuliwa wakati mahindi mabichi yakichomwa kila njia panda. Muuguzi aliyeninyoa kisogo alitoka Kabras, na kwa sababu aliona natetemeka alinisimulia bila kupumua kisa cha shemeji yake na trekta ya miwa, mpaka nikasahau wembe. Nilipoamka nilikuwa na kola ngumu shingoni na koo lililokwaruzwa. Kwa wiki sita nilitembea kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani. Nilikula obusuma, ugali wetu, kwa kijiko kama mgeni kutoka ng'ambo. Wageni walipokuja Rispa alinimegea matonge madogo na kuyapanga kando ya sahani. Nilimwonea aibu na kumpenda kwa kiasi kilekile.

Kisha likaja jibu la bima. Nilikuwa nimepeleka madai mwezi wa sita, miezi mitano baada ya ajali, pamoja na fomu ya majeruhi, P3, ambayo polisi aliijaza huku akiniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Barua yao ilikuwa fupi. Walisema ajali haikuripotiwa kwa wakati. Walisema nilikwisha kulipwa kwa hiari yangu, kuku wawili. Daktari wao, aliyeniangalia kwa muda usiotosha kunywa chai, aliandika kwamba shingo yangu ilikuwa na uchakavu wa kawaida kwa mtu wa umri wangu anayefanya kazi ya kukaa. Nyuma ya barua walikuwa wamebana nakala ya ukurasa wangu wa kando ya barabara. Mwandiko ulikuwa mzuri sana.

Mukhwana alikuwa ameutunza. Nilipompigia simu alihuzunika kweli. Alisema tajiri wake aliuomba, na kwamba aliuweka ndani ya Biblia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kitu kizuri namna ile.

Rispa aliisoma barua ya bima mara mbili. Baadaye mchana, akiwa mbele ya cherehani, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Niambie ukweli. Si ni ile siku ulianguka bafuni mwezi wa nne?"

Nilianguka bafuni mwezi wa nne kwa sababu mkono ulishindwa kushika ukuta. Nilimweleza hivyo. Akasema sawa. Lakini ile sawa ilikuwa na nafasi ndani yake, na nafasi hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ugonjwa unaweza kuuvumilia pamoja na mwenzako. Kutoaminiwa unavumilia peke yako, chumba kimoja na mtu ambaye ametoa duka lake kwa ajili yako.

Kuanzia mwezi wa tisa maisha yangu yaligawanyika kati ya mabenchi mawili. Jumatatu na Alhamisi nilikaa benchi la hospitali kumsubiri Halima, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Mumias aliyeniamkia kwa asalaam aleikum na kisha kunitesa kwa upole. Alinipa mpira wa sponji nifinye. Wiki ya kwanza mpira haukujua kama umefinywa. Halima alihesabu kwa sauti na kila nilipokata tamaa alirudi moja, kana kwamba amesahau idadi. "Tulikuwa wapi, mwalimu? Tuanze tena."

Jumatano nilikaa benchi la ofisi ya bima. Hapo watu hawajulikani kwa majina. Kulikuwa na Goti, kulikuwa na Mgongo, kulikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Boda Mbili kwa sababu aligongwa na pikipiki mbili siku moja. Mimi nilikuwa Shingo. Afisa wa madai alitoka mara kwa mara, akatutazama kama mtu anayehesabu mbuzi, akaingia ndani. Kila Jumatano aliniambia faili langu liko juu. Sikuwahi kujua juu ni wapi. Jengo lile halikuwa na ghorofa.

Goti alikuwa mama wa makamo kutoka Malava, Mama Nafula, aliyevunjwa mguu na trela ya miwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi hilo kwa mwaka mzima na alijua kila kitu. Siku moja nilimsomea kwa hasira barua yote ya bima, na nakala iliyobanwa nyuma yake. Aliposikia ule ukurasa wa kando ya barabara alicheka mpaka akashika goti.

"Mwalimu, wewe ulijishtaki mwenyewe," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Hapa hawatakangi machozi ya sasa. Wanatakanga karatasi ya wakati ule. Hiyo wiki uligongwa, nani alikuona ukiumwa?"

Nikamwambia hakuna.

"Hakuna kabisa?"

"Walioniona hawakuniamini," nikasema, na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani nikakumbuka mazishi fulani.

Kuna jambo nimelificha hadi hapa, na sikulificha ili kunogesha hadithi. Nililificha kwa sababu ya aibu, na nilikuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe. Ijumaa iliyofuata ajali, siku ya sita, tulikuwa tunamzika binamu yangu. Katika ukoo wetu, kila mwanamume mwenye nyumba hushika koleo kaburini, hata kama ni kwa michoto kumi tu. Anayeshindwa hutozwa faini na kamati ya mazishi, na faini huandikwa. Zamu yangu ilipofika asubuhi ile nilichota mara mbili, mkono ukapoteza nguvu, koleo likaanguka shimoni karibu limpige mtu. Nikasema shingo inaniuma tangu nigongwe, na vidole havisikii. Watu walicheka. Mmoja alisema mikono ya chaki haijui udongo. Katibu wa kamati, Mzee Ambetsa, karani mstaafu wa kiwanda, alifungua kitabu chake akaandika, akanitoza kilo tano za sukari ya chai ya matanga.

Nilikataa kulipa. Nilitoa hotuba, nadhani ilikuwa hotuba nzuri, nikaondoka. Kwa karibu mwaka mmoja sikukanyaga mkutano wa ukoo. Rispa ndiye aliyepeleka michango yetu na kukaa na wanawake huku wakimuuliza mumewe amekwenda wapi. Wiki iliyofuata shingo ililegea kidogo, na kwa kuwa sikutaka kuwa mtu aliyechekwa kwa sababu ya shingo, niliifuta siku ile kichwani. Wakati daktari wa Eldoret aliponiuliza maumivu yalianza lini, nilisema mwezi wa tatu. Nilisema hivyo kwa moyo safi.

Nilipomwambia Rispa, alisimamisha cherehani. Yeye alikumbuka hotuba. Hakuwahi kuambiwa habari ya vidole.

"Basi nenda kwa Ambetsa," akasema. "Na usiende na maneno. Nenda na sukari."

Nilikwenda mwezi wa kumi na mbili, kola mkobani, kilo tano mkono wa kushoto. Mzee Ambetsa alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi. Hakuinuka. Aliutazama mfuko kisha akanitazama.

"Hiyo faini ni ya mwaka huu mwanzo," akasema. "Sukari imepanda tangu hapo."

Nikamwambia nitaongeza kilo.

"Ulinuna kama bibi harusi."

"Nilinuna, mzee."

"Na sasa umekuja kwa sababu unatafuta kitu."

"Ndiyo," nikasema. "Lakini msamaha nao naomba. Hata kama hiyo kitu haipo."

Alipukuchua gunzi lote kabla ya kujibu. Kisha akaingia ndani akarudi na kitabu kikubwa chenye jalada la kaki, akalamba kidole, akatafuta. Palikuwa pameandikwa, kwa wino wa buluu, na tarehe: Mwalimu amechota mara mbili. Ameangusha koleo. Asema shingo yamuuma tangu agongwe na gari Jumamosi iliyopita njia ya Khwisero, na vidole viwili vya kulia havisikii. Kamati haikuridhika na sababu. Faini, sukari kilo tano. Mhusika amekataa na kuhutubia.

Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimesimama, na sioni haya kusema kwamba yalinitoa machozi. Kwa mwandishi wa insha ni jambo gumu kukiri, lakini huo ndio uandishi bora kuhusu mimi niliowahi kuusoma.

Nilimwomba aje mahakamani. Akafunga kitabu. "Niende kusema kwamba sikukuamini?"

"Hilo hasa, mzee."

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya madai madogo mjini Kakamega wakati watu wakipanda tena. Huko unaweza kujisimamia bila wakili, nami nilijisimamia. Bima ilileta wakili kijana aliyevaa viatu vyenye kung'aa. Alinyanyua ukurasa wangu na kuusoma wote kwa sauti, taratibu, akiweka vituo mahali pake. Alisoma vizuri. Mwamuzi, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi. Akasema Kiswahili ni kizuri. Nikashukuru, nikatamani ardhi inimeze.

Kisha akapanda kizimbani Mzee Ambetsa na kitabu chake. Alikataa kukitoa mkononi. Wakili alilazimika kuinama kukisoma.

"Wewe ni rafiki wa mdai?" wakili akauliza.

"Hapana. Mimi nilimpiga faini."

"Lakini ni ndugu yake. Unataka ashinde."

"Huyu hakukanyaga kwetu karibu mwaka mzima. Nitake ashinde kwa nini?"

Wakili alibadilisha njia. Akamuuliza kama siku ile aliamini kwamba nilikuwa naumwa.

"Hata kidogo," Mzee Ambetsa akasema. "Huyu ni mtu wa kukaa na vitabu. Nilijua anakwepa koleo."

"Basi kama hukuamini, kwa nini uliandika?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama karani anavyomtazama karani mdogo. "Mimi huandika kile mtu amesema na kile amefanya. Kile nafikiria mimi, hicho nabakianga nacho."

Mwamuzi alivua miwani akaandika kwa muda. Nilimtazama Rispa aliyeketi benchi la nyuma. Alikuwa ananitazama mimi, wala si Mzee, na ile nafasi iliyokuwamo ndani ya sawa yake haikuwamo tena usoni. Kama kesi ingeishia pale, hata bila uamuzi, ningerudi nyumbani mtu mzima.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki tatu. Mwamuzi alisema ukurasa ule ulihusu bampa na kuku, kwa sababu mtu hawezi kusamehe maumivu ambayo bado hayajui. Alisema kuchelewa kwangu kumeelezwa. Na alisema kwamba ushahidi wa kuaminika zaidi mbele yake umetoka kwa watu waliokuwa na kila sababu ya kutouandika, siku sita baada ya ajali, wakati ambapo hakuna aliyewaza bima. Gharama zote zirudishwe, na fidia juu yake. Mama Nafula, ambaye alikuja kwa magongo kutoka Malava kusikiliza, alipiga kigelegele ndani ya mahakama, na karani alipomwonya akasema anaomba radhi lakini hajamaliza. Kisha akamalizia nje.

Kwa hiyo wewe unayeketi kwenye benchi sasa hivi, nina machache ya kukupa. Ukiulizwa kama umeumia, sema hujui bado. Si utovu wa adabu. Nenda polisi siku ileile. Usiandike chochote kando ya barabara, hasa kama una kipaji. Na ukifikiri kwamba hakuna shahidi wa maumivu yako, usiwatafute waliokupenda tu. Watafute uliogombana nao wiki ile. Ugomvi hukumbukwa, na pengine umeandikwa.

Mkono umerudi, si wote. Kidole kidogo bado kinafikiri kabla ya kutii. Halima aliniaga mwezi wa saba, akachukua mpira wake wa sponji kwa ajili ya mwingine. Nashika chaki, naendesha kile kibiriti, nafunga vifungo vyangu isipokuwa cha shingoni.

Na mwezi wa nane Rispa alifungua mlango. Chumba kile karibu na soko kilikuwa kimechukuliwa, lakini alipata kingine, chenye dirisha kubwa zaidi, na jina lake limeandikwa juu kwa rangi nyekundu. Siku ya kwanza nilikwenda kukaa pembeni ili nisimsumbue. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu wa kike aliyetaka suti ya mahafali. Rispa alimpima mabega, wakaanza kubishana kuhusu urefu wa mikono, na katikati ya ubishi, akiwa ameipa mgongo mashine pamoja na mimi, alinyoosha mkono nyuma na kunikabidhi uzi mweusi na sindano.

"Nitungie hiyo," akasema, akaendelea na mteja wake.

Nilivaa miwani. Mara ya kwanza uzi ulipita kando. Mara ya pili pia. Mara ya nne uliingia. Rispa hakuwa amegeuka hata mara moja kutazama kama nitaweza; alifungua tu kiganja, akingoja, huku akimweleza mwalimu kwamba mikono mifupi haimfai.